H3 ya Capablanca na h3 yako

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na huu ni mwaka wa tatu nacheza sataranji. Kwenye mashindano ya mwisho wa wiki iliyopita nilikuwa na weupe, nikafungua Kihispania, na mpinzani wangu katika hatua ya 8 akanipa kitunda bure kwa d5. Nikaukumbuka mchezo wa Capablanca na Marshall wa mwaka 1918, nikasema moyoni dawa ninayo, ni h3. Nikacheza h3. Akatoa askofu, nikamla, na hatua ya 19 nikawa nimeshafungwa. Karatasi ya mchezo nimekutumia. Capablanca alicheza h3 akashinda, mimi nimecheza h3 nimekufa. Nimekosea wapi? Na ufunguzi huu una dawa kweli, au niachane na Kihispania?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mchezo wako nimeupanga ubaoni mara tatu, kete kwa kete. Kumkumbuka Capablanca halikuwa kosa. Kosa ni kwamba uliikumbuka hatua yake ukasahau malkia mweusi alikuwa amesimama wapi siku ile alipoicheza. Yeye alikuwa bado nyumbani kwake, d8. Wa kwako alikuwa ameshafika h4. Kati ya d8 na h4 ni hatua moja tu, na hatua hiyo moja ndiyo iliyokuua.

Nianze mwanzo ili na wasomaji wengine wafuate. Kila mraba wa ubao una jina: herufi a hadi h ni safu ya kusimama, nambari 1 hadi 8 ni mstari wa kulala, ukihesabu kutoka upande wa weupe. Weupe e4, weusi e5. Farasi mweupe f3, farasi mweusi c6. Askofu mweupe b5, na hapo tumeshaingia Kihispania, ufunguzi ambao wengi wanauita kwa jina la padri Ruy López wa Uhispania aliyeuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1561. Kisha a6, askofu anarudi a4, farasi mweusi f6, mfalme mweupe anaingia ngomeni (anasogea g1 na ngome yake inaruka kukaa kando yake), askofu mweusi e7, ngome nyeupe inakaa e1, kitunda cheusi b5, askofu mweupe b3, na mfalme mweusi naye anaingia ngomeni. Hatua ya 8 weupe wanacheza c3 kujiandaa na d4. Mchezaji mtulivu hujibu d6 na mchezo unakwenda taratibu kama maji ya mtoni. Frank Marshall alijibu d5, na kutoa kitunda kwa njia hiyo kunaitwa kwa jina lake, Marshall.

Kinachofuata ni ulaji mtupu. Kitunda cha e4 kinakula d5, farasi mweusi anakula d5, farasi mweupe anakula e5, farasi wa c6 anamla, ngome ya e1 inamla huyo. Hatua ya 11 imefika na weupe wana kitunda kimoja zaidi.

Waliokulia kwenye drafti za barazani wanaujua ujanja wa kumlisha mtu kete moja ili ule tatu. Ila kwenye drafti malipo unayaona palepale. Marshall analipwa kwa muda, na muda hauonekani mpaka uutafute. Hebu simamisha mchezo kwenye hatua hiyo ya 11 uangalie kona ya weupe: ngome a1, farasi b1, askofu c1. Hakuna aliyenyanyua mguu. Farasi wa f3, ambaye ndiye mlinzi wa h2 na wa mfalme mzima, ametoka ubaoni. Ngome imesimama peke yake katikati kwenye e5, na kila kete nyeusi itakayotoka itatoka ikiifukuza. Weusi wamenunua hatua mbili au tatu za bure kwa bei ya kitunda kimoja. Hiyo ni biashara halali kabisa, na ndiyo maana ufunguzi huu unaishi mpaka leo.

Sasa twende New York, Oktoba 1918, kwenye klabu ya Manhattan. Marshall alikuwa bingwa wa Marekani tangu 1909, mshambuliaji wa kuzaliwa, mtu ambaye kutoa kete kulikuwa rahisi kwake kuliko kuitetea. José Raúl Capablanca alikuwa Mkuba wa miaka 29. Mwaka 1909 wawili hao walikuwa wamecheza mfululizo wa michezo 23, na Capablanca alishinda 8, akapoteza mmoja, sare 14. Na mchezo wetu unaangukia katikati ya kipindi ambacho hakuna mtu aliyemfunga: tangu 1916 hadi Richard Réti alipomshinda mwaka 1924, Capablanca hakupoteza hata mchezo mmoja rasmi. Unapoutazama mchezo wa 1918, kumbuka unamtazama mtu wa namna hiyo akishambuliwa kwa silaha ambayo hajawahi kuiona mezani, na mwenye silaha ameshaifanyia mazoezi nyumbani.

Utasikia simulizi kwamba Marshall aliuficha ufunguzi huu miaka tisa mizima akimngoja Capablanca tu. Ni simulizi tamu, nami niliisadiki ujanani. Siku hizi siisadiki yote, kwa sababu wazo la d5 lilikuwa limeshachezwa Havana mwaka 1893, Mjerumani Carl Walbrodt akiwa na weusi. Havana ndiko alikozaliwa Capablanca, na mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka minne hivi. Kwa vyovyote, Marshall alikuja amejiandaa, na Capablanca aliandika baadaye kwamba alilijua hilo, akafikiri kidogo, akakila kitunda hata hivyo kwa sababu alitaka vita.

Baada ya ngome kula e5, Marshall alimrudisha farasi wake kutoka d5 hadi f6. Weka alama hapo, tutarudi. Hatua ya 12 ngome ikarudi e1, askofu mweusi akaja d6, macho yake yote kwenye h2. Hatua ya 13 Capablanca akacheza h3.

Jiulize basi, mbona weusi hawakutoa askofu wao kwenye h3 palepale, kama mpinzani wako alivyofanya? Wangeweza kumtoa, lakini malkia wao alikuwa d8. Kitunda cha g2 kikishamla askofu, malkia mweusi anahitaji hatua nzima ya kujipanga ndipo aitishe h3, na katika hatua hiyo malkia mweupe anatua f3. Pale f3 analinda h3 na papo hapo anaitazama ngome ya a8 kwa mshazari mrefu ulio wazi kabisa. Shambulio lingekwisha kabla ya kuanza.

Kwa hiyo Marshall alimtupa farasi kwenye g4, mbele ya kitunda kile kile cha h3. Capablanca hakumla. Alimleta malkia f3. Hii hatua ya 14 ndiyo ningependa uikariri, kuliko h3. Malkia wa f3 anafanya kazi tatu kwa mkupuo: analinda f2, anatisha a8, na akisaidiana na askofu wa b3 anaikodolea macho f7. Marshall akamleta malkia wake h4, na sasa jaribu mwenyewe kula ile ngome ya a8. Malkia mweusi anakula f2 kwa cheki, mfalme anakimbilia h1, malkia anakula ngome ya e1, mchezo umekwisha. Mfalme hana pa kwenda. H2 inashikwa na askofu wa d6 na farasi wa g4. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiila ngome ile kwa mikono miwili.

Capablanca akacheza d4, hatimaye akimfungulia njia askofu wa c1. Marshall akala f2 kwa farasi. Hapa ndipo palipo utamu wote wa mchezo huu, kwa hiyo vuta kiti.

Malkia mweupe anaweza kumla farasi huyo. Akimla, mkono wa kila mtu unataka kumpeleka askofu mweusi g3, kwa sababu pale anamtisha malkia wa f2, na nyuma yake ipo ngome ya e1. Ukifanya hivyo umepoteza. Malkia mweupe anakula f7 kwa cheki, ngome ya f8 inamla, na ngome ya e1 inaruka moja kwa moja hadi e8: mfalme mweusi amefungwa. Ngome ya f7 haiwezi kurudi kuziba, kwa kuwa imebanwa na askofu wa b3, ambaye tangu hatua ya 7 alikuwa amekaa kimya akingoja siku yake. Weusi sahihi wanaanza na askofu h2, cheki. Mfalme anakwenda f1. Ndipo askofu anarudi g3. Hapo mfalme mweupe yupo kwenye safu ya f, hivyo malkia akila f7, ngome inamla kwa cheki, na weupe hawana nafasi ya kwenda e8. Hatua moja ya askofu, h2 kabla ya g3, inageuza kufungwa kuwa ushindi. Panga nafasi hiyo leo usiku, ucheze njia zote mbili kwa mkono wako.

Capablanca aliyaona hayo mezani, saa ikitembea, na hakumla farasi. Aliisogeza ngome e2. Marshall akatoa askofu wake wa pili g4, kitunda cha h3 kikamla. Askofu h2 cheki, mfalme f1, askofu g3. Ngome ikala farasi wa f2, malkia mweusi h1 cheki, mfalme e2, askofu akala ngome. Fuata miguu ya mfalme mweupe: g1, f1, e2, baadaye d3, na hatua ya 24 anafika c2. Ametembea kutoka kona moja hadi upande wa pili wa ubao chini ya risasi, na hakuna iliyompata. Ukihesabu kete, weupe wana askofu na farasi kwa ngome moja, na vitunda ni sita kwa sita. Malkia mweusi ameganda g1, mbali na vita vyote. Kuanzia hapo Capablanca alivisukuma vitunda vyake vya upande wa malkia, kimoja kikafika b7, na hatua ya 36 askofu wake akala f7 kwa cheki. Ngome ikimla, kitunda cha b kinakuwa malkia kwa cheki na mfalme mweusi hana siku nyingi. Marshall akakubali.

Turudi kwenye alama tuliyoiweka. Marshall alimrudisha farasi f6. Mpinzani wako hakufanya hivyo. Alicheza kitunda c6, na farasi akabaki d5. Baada ya 1918 Marshall mwenyewe alihamia huko, na dunia nzima ikamfuata. Kitunda kile kidogo kinaonekana kama cha kumlinda farasi tu, na watu hukipita haraka. Mimi nakuomba ukitazame kwa makini, kwa sababu ndicho jibu la swali lako lote.

Capablanca alijitetea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshazari wa f3 hadi a8, alikopita malkia wake kutisha ngome. Ya pili ni mshazari wa b3 hadi f7, alikopita askofu. Kitunda kikiwa c6, njia ya kwanza imefungwa. Farasi akiwa d5, ya pili nayo imefungwa. Yule aliyekufunga hakuwa na haja ya kuyajua haya. Ufunguzi wenyewe ulikuwa umeshayajua kwa niaba yake. Wewe ulikwenda kujitetea kwa funguo za nyumba ambayo vitasa vyake vilibadilishwa zamani.

Karatasi yako inasema hivi: hatua ya 12 d4, askofu mweusi d6, ya 13 ngome e1, malkia mweusi h4, akitisha h2. Mpaka hapo umecheza kama mabingwa. Ya 14 ukacheza h3, akatoa askofu wa c8 kwenye h3, ya 15 ukamla kwa kitunda cha g, malkia wake akala h3. Ya 16 askofu wako akala farasi wa d5. Naielewa hesabu yako, ulijiona una kete mbili za bure. Lakini sikiliza mlango unavyogongwa: askofu h2 cheki, mfalme h1, askofu g3, na cheki inatoka kwa malkia aliyekuwa nyuma yake, mfalme g1, malkia h2 cheki, mfalme f1, malkia anakula f2, mwisho. Hatua nne, zote cheki au kufunga, na kete zako mbili za ziada zimekaa pembeni kama wageni wa harusi. Ungejaribu kumleta malkia f3 katika hatua ya 16, angeliwa bure, kwa maana g2 haina tena kitunda cha kumlinda. Katika hatua ya 15 ungeweza kumwacha yule askofu bila kumla na kumleta malkia f3. Ungebaki hai, ingawa kitunda ulichokuwa umezidi kingekuwa kimerudi kwa mwenyewe.

Hatua sahihi ya 14 ni g3. Inauma kuicheza, najua. Inamfukuza malkia hadi h3 na inaacha matundu kwenye f3, g2 na h3, na askofu mweusi wa c8 anayaona yote. Lakini mshazari wa h2 hadi d6 umezibwa, na malkia mweusi akiwa h3 hana mshirika wa kumfunga mfalme palepale. Halafu weupe wana njia mbili kubwa. Moja ni askofu e3, kisha malkia d3 na baadaye f1, ili kumlazimisha malkia mweusi kubadilishana au kuondoka. Nyingine ni ngome e4, ikilenga h4 kumkimbiza malkia.

Hiyo ya pili ina hadithi ambayo nataka uisikie kabla hujaamua kukariri hatua 25 kutoka kwenye programu ya simu. Mwaka 2004, mjini Brissago, Uswisi, Vladimir Kramnik alikuwa akilitetea taji la dunia dhidi ya Peter Leko wa Hungaria. Mchezo wa 8, Kihispania, na Leko akatoa kitunda cha Marshall. Kramnik akacheza ngome e4. Leko akajibu kwa kitunda g5, hatua inayoonekana ya kichaa. Mbona hakiliwi? Kwa sababu askofu wa c1 akikila, malkia mweusi anarudi f5 na kushika viwili kwa mpigo: askofu wa g5, na ngome ya e4 ambayo haina mlinzi. Weka akilini hilo la ngome kukosa mlinzi.

Kramnik na wasaidizi wake walikuwa wameuandaa mstari huo nyumbani kwa kompyuta. Akaucheza hadi akatoa malkia wake kwa ngome, kwa matumaini ya kitunda kimoja kilichofika a6, hatua mbili tu kabla ya kuwa malkia mpya. Mashine ilikuwa imewaambia weupe wako vizuri. Leko, peke yake mezani, akafikiri, akamweka malkia d3. Tazama kitakachotokea kitunda kikisonga a7: malkia e3 cheki, mfalme g2, askofu anakula f3 kwa cheki, farasi mweupe anamla, malkia e2 cheki, mfalme g1, farasi mweusi g4. Weupe wanapata malkia wao mpya a8, tena kwa cheki, na hakuna kinachosaidia. Malkia mweusi anaingia f2, kisha f1, farasi mweupe analazimika kuziba g1, na farasi mweusi anatua f2: mfalme amefungwa akiwa amezungukwa na watu wake mwenyewe. Kramnik aliliona hilo akiwa amechelewa, akajaribu njia nyingine, akapoteza kwa hatua 32. Taji alilinusuru kwa kushinda mchezo wa 14, wa mwisho, wakamaliza 7 kwa 7.

Bingwa wa dunia, mwenye wasaidizi na mashine, alianguka kwa sababu mstari uliokaririwa uliishia hatua moja kabla ya mahali palipotakiwa kufikiri. Wewe na mimi tuna sababu gani ya kutegemea kumbukumbu?

Kwa hiyo, je, Marshall ana dawa? Kama dawa ni hatua itakayomfanya mweusi ajute kutoa kitunda, hapana, hakuna, na wametafuta watu wakubwa kwa miaka zaidi ya mia. Boris Spassky aliutumia dhidi ya Mikhail Tal huko Tbilisi mwaka 1965, na Tal, mtu aliyetisha dunia nzima, hakupata ushindi hata mmoja kwa njia hiyo. Levon Aronian, mmoja wa magwiji wa zama zetu, ameutumia miaka na miaka kama mtu anayetumia fimbo yake ya kutembelea. Weupe wakicheza vizuri na weusi wakicheza vizuri, mara nyingi ni sare. Lakini wewe hukutani na Aronian kwenye mashindano ya mwisho wa wiki. Unakutana na kijana aliyeona video mbili, na dhidi yake una mambo mawili mazuri ya kufanya.

La kwanza, na ndilo ninalolipenda kwako: baada ya c6, hatua ya 12 usicheze d4, cheza d3. Inaonekana ya unyonge. Sasa kumbuka ile ngome ya e4 isiyokuwa na mlinzi. Kitunda kikiwa d3, e4 inalindwa. Askofu d6, ngome e1, malkia h4, g3, malkia h3, na ngome e4: akijaribu g5 kama Leko, unakila kwa askofu bila hofu, kwa maana malkia akija f5 anamshika askofu peke yake, na una nafasi ya kumwondoa. Tofauti nzima imetoka kwenye nusu hatua ya kitunda kimoja. Weusi wanaojua hawatakwenda h4 haraka. Watamtoa askofu f5 kukitisha hicho cha d3. Mjibu kwa malkia f3, na akija h4 cheza g3, kisha askofu e3. Akikila kitunda cha d3, mwache akile, mtoe farasi wako d2. Umerudisha kitunda, lakini kete zako zote zimetoka nyumbani na shambulio limekufa. Wachezaji wengi chipukizi hawawezi kurudisha kitunda walichopewa. Wanakishikilia mpaka kinawazamisha. Capablanca alirudisha zaidi ya kitunda kwenye mchezo ule wa 1918.

La pili ni kumnyima Marshall mlango kabla hajaufungua. Hatua ya 8, badala ya c3, cheza a4. Kitunda cha b5 kinaguswa, na weusi lazima washughulike nacho, kwa b4 au kwa askofu b7, kabla ya kuota d5. Hata Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alikuwa akiukwepa ufunguzi huu, na hakuna aliyewahi kumwita mwoga. Utaona pia watu wakicheza h3 katika hatua ya 8. Ni hatua nzuri, lakini wewe naomba uipumzishe kwanza mpaka mkono wako uache kuikimbilia.

Kihispania usikiache. Ukikiacha kwa kufungwa mara moja, mwezi ujao utaacha kingine.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Mtafute mwenzako wa klabu mnayelingana, mpange nafasi ya hatua ya 14 ya mchezo wa New York: malkia mweupe f3, malkia mweusi h4, farasi mweusi g4, zamu ya weupe. Chezeni michezo kumi ya dakika kumi kumi, mkibadilishana rangi, bila kuangalia simu. Siku ya pili pangeni nafasi yako mwenyewe, kabla tu ya h3 iliyokuua, mfanye vivyo hivyo. Kwenye kila karatasi andika pembeni ya hatua ya 14 mishazari miwili, a8 hadi f3 na b3 hadi f7, na uweke alama kama iko wazi au imefungwa. Nitumie karatasi zote ishirini, na za michezo uliyofungwa nitumie kwanza.